Adhuhuri ya Baba Watoto

Mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Ramani, alikuwa na donge rohoni. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliaga kwamba amepata kazi mgodini, magharibi ya mbali. Tangu hapo simu zake zilikuwa za mkato. Juzi, kabla hajakata, mwalimu alisikia sauti ya mwanamke: "Haya baba, rudi ukalale."

"Nani huyo?"

"Mpishi wa kambini."

Mpishi gani humlaza mtu mchana kweupe? Hilo alilimeza. Mdomoni akawa asali tupu. "Baba watoto, nisaidie somo la kesho. Simamisha fimbo juani, uniambie kivuli kikifikia ufupi wake wa mwisho."

Kesho yake, uwanjani, aliwaeleza wanafunzi kwamba mistari ya longitudo huitwa pia meridiani, neno lenye asili ya Kilatini, maana yake katikati ya mchana. Waliolitunga hawakubahatisha: wote walio kwenye mstari mmoja, kaskazini hadi kusini, hupata adhuhuri kwa pamoja. Walio magharibi husubiri, saa ya ukutani iseme itakavyo. Kule mgodini wangesubiri karibu nusu saa.

Kivuli cha fimbo ya shule ndiyo kwanza kilikuwa kimeacha kupungua, simu ikalia. Picha, na ujumbe: "Sasa hivi."

Mwongo mkubwa. Hakuwa magharibi hata kidogo.

Aliingia ofisini, akatandaza ramani na kuteremsha kidole kwenye mstari wao, akimsaka huyo mpishi. Kidole kilivuka mto, kikapita msitu, kikafika mji wa hospitali ya rufaa. Alitaka kuuruka, akaitazama tena picha. Kivuli kilikuwa cha mlingoti mwembamba wa chuma, juu una kulabu mbili, chini magurudumu. Aliujua. Aliwahi kuusukuma mwenyewe, mama yake alipotundikiwa dripu.

Akatamani, kwa moyo wake wote, kisa kiwe ni mwanamke mwingine tu.

Akapiga simu.

"Uko wodi gani?"

Kilitangulia kikohozi, kile ambacho miezi yote aliambiwa ni cha moshi wa kuchomelea.

"Nani kakwambia?"

"Umeniambia mwenyewe, baba watoto. Wodi gani?"