Chupa Iliyosogezwa Nyuma

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, fundi saa hufungua kabati la sebuleni, lile lililo mbali na jiko na dirisha, akaikagua tumbaku yake ya kiko. Ana chupa tisa za kioo zenye mdomo mpana, kila moja na kifuniko chenye mpira wa kuzuia hewa. Hujaza mpaka mabegani tu, akibonyeza kidogo kwa kidole gumba. Chini ya kila kifuniko huweka kigae kilichochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ili tumbaku isikauke. Waliomshauri atumie maganda ya matunda aliwasikiliza mara moja, akavuna ukungu, akaacha kuwasikiliza. Juu hubandika karatasi yenye tarehe. Chupa kongwe hukaa mbele, mpya huenda nyuma kabisa ikalale miaka yake tisa, maana kwa mwaka hufunguliwa moja na kujazwa moja. Kwa sheria hii hana mchezo. Unaweza kumkanyaga mguu akakusamehe, ila usimguse mpangilio wa kabati.

Chupa zikifungwa hivyo hutunza pia yaliyosikika chumbani siku ya kufungwa, jambo ambalo halikumsumbua mtu yeyote nyumbani. Moja iliwahi kutoa mvua ya saa nzima, jirani akaanua nguo zake bure. Nyingine ilikuwa na kikohozi cha marehemu mama mkwe, na mke wa fundi akaomba ifunguliwe kidogo kidogo ili mama asiishe upesi. Sauti ikishatoka haitoki tena, hubaki tumbaku peke yake.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya chupa ya miaka tisa. Tarehe ilikuwa kwa mwandiko wa mkewe, naye fundi akaikumbuka siku. Alikuwa amekwenda kumwomba radhi mwalimu mkuu mstaafu, maana saa ya dhahabu ambayo mwalimu aliachiwa na baba yake, iliyoletwa kusafishwa, ilikuwa imetoweka mezani. Pakiti ya tumbaku aliiacha wazi, na tumbaku ikikaa wazi nusu siku imekwisha. Mkewe, bila kuambiwa, aliijaza chupa mpaka mabegani. Fundi akafungua, akachukua chembe, akaibana kwa vidole viwili. Ilijikunjua polepole, haikunata wala haikuvunjika, naye akafurahi. Ndipo mdogo wake akaanza kulia ndani ya chupa.

"Shemeji, ile saa niliichukua mimi. Nilitaka niivae siku moja tu, nionekane mtu wa maana kwa wale wa ofisini. Kurudi, nikaporwa kituoni."

"Na mwanangu ndiye anayeshukiwa hapa," ilisema sauti ya mkewe.

"Yule ni mtoto wake, atamsamehe. Mimi kaka atanifuta kabisa. Nyamaza, shemeji, nakuomba."

Mtu akavuta kamasi.

"Haya," ikasema sauti ya mkewe. "Kwa mdomo wangu sitamwambia."

Fundi alikaa na kiko mkononi, hakikuwashwa. Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo, akifanya kazi kwenye kiti cha pili, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya baba yake, hilo wateja walilisema waziwazi. Jioni ile fundi alimwambia atoe saa au aondoke. Kijana aliapa mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi hakuapa tena. Alipanga bisibisi zake mezani, kubwa mpaka ndogo, akaaga kwa mama yake tu. Fundi aliuchukua ukimya ule kuwa ndio ushahidi, akaishi nao miaka tisa bila kuugeuza upande wa pili.

"Mama," aliita. "Njoo mara moja."

Mkewe alikuja akikausha mikono. Aliitazama tarehe, akanusa.

"Kumbe hii bado ipo?" alisema. "Mimi nilijua uliivuta jioni ileile."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwahidi shemeji sitakwambia kwa mdomo, sasa ningefanyaje? Nikaiweka mbele kabisa, uifungue mwenyewe. Baada ya kula ukaenda kabatini, nikasikia kifuniko. Ukatoka hapo bila kusema neno. Nikasema basi, mwenzangu kasikia, kaamua ndugu yake kwanza."

Fundi alikumbuka vizuri. Alikuta chupa mpya mbele, akanung'unika juu ya watu wasiojua utaratibu, akaisogeza nyuma ya wenzake. Aliyoifungua ilikuwa kongwe, haikuwa na kitu ila taarifa ya habari.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Mtoto nilimwambia asubuhi. Nikamwambia, baba yako anajua kila kitu, usijichoshe kuapa."

Fundi aliweka kiko mezani. Alikuwa amesalitiwa ndani ya nyumba yake, na alipotafuta wa kuanza naye, kila aliyemgeukia alikuwa na maelezo, hata mkono wake mwenyewe.

Saa kumi mdogo wake akaja, kama kila Jumamosi, na kiko chake na viatu vya ofisini. Fundi alimwambia chupa imesema nini. Hakushtuka.

"Kaka, si yalishapita hayo? Shemeji alinambia umesikia. Miaka yote hii najiambia, kaka yangu ana moyo, amejua na bado ananikaribisha." Akafuta macho kwa dhati, akanyoosha kiko kijazwe.

"Leo nenda nyumbani," fundi alisema.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili yake alikuja, akakaa kiti chake kilekile.

Siku za katikati fundi alichukua chupa safi, akaijaza tumbaku yake bora, akaegemeza mdomo karibu, akamweleza mwanawe yote: chupa, kabati, taarifa ya habari, na kwamba hakujua. Alilia kidogo, na hayo pia yakaingia. Mkewe alisimama nje ili nyayo zake zisiingie. Walikaza kifuniko, wakaifunga kwa magazeti, wakaituma kwa basi hadi mji anakoishi kijana.

Ilirudi baada ya wiki tatu, ndani ya magazeti yaleyale. Tumbaku haikupungua hata chembe. Fundi alikilegeza kifuniko, nafasi ya ukucha tu.

"Baba, nani huyo analia kwenye chupa?" iliuliza sauti ndogo ya mtoto ambaye hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba amezaliwa.

"Ni mzee mmoja, fundi saa," ilijibu sauti ya mwanawe, tulivu, ile aliyokuwa akiitumia kwa wateja. "Lete kifuniko, tumrudishie chupa yake."

Mtoto alianza kucheka, labda kifuniko kilimteleza. Fundi akakaza upesi ili kicheko kilichosalia kibaki ndani. Akaandika tarehe, akaibandika, akaipeleka nyuma kabisa, mahali pa chupa mpya. Ana miaka sabini na nne. Kwa mpangilio wake, zamu ya chupa hiyo itafika baada ya miaka tisa.

Mkewe alikuwa ameshaweka vikombe vitatu mezani. Mdogo wake aliingia, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.

"Kaka, leo tunavuta ya mwaka gani?"

Fundi akatoa ya mbele.