Nyumba Ndogo ya Fundi

Habari niliipata kwa Mama Pacha, jirani yetu: eti Fundi, mume wangu, mwashi mstaafu ambaye magoti yake yanalia kama bawaba kavu, anatafuta nyumba ndogo ng'ambo. Amemsikia kwa masikio yake akimwambia mtu kwenye simu, "Kubwa ninayo hapa, sasa nataka ndogo."

Nikapandwa na hasira. Nyumba ndogo! Mwanamume asiyeweza kuvaa soksi bila kuniita! Nilimfuata uani, nikamtaka amtaje huyo kimada wake. Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyumba, mama. Ya matofali, yenye mlango na choo. Vaa twende benki, saini yako inahitajika."

Benki tulipokelewa na afisa mikopo, dada mwenye heshima zake. Akanieleza kwamba benki ya kule imekataa kumkopesha mtu wa umri wa Fundi. Yeye angetukopesha, ila tuweke rehani nyumba yetu, tuipangishe, na kodi za wapangaji zilipe deni. Tukishindwa, inapigwa mnada.

Nilimgeukia Fundi. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili. Hata kupigilia msumari ukutani mpaka umwombe ruhusa. Leo anaiweka rehani?

Afisa akanigeuzia kompyuta. Kwenye picha ya hiyo nyumba ndogo niliona chumba cheupe, jiko dogo na dirisha. Nje yake, upande wa pili wa barabara, palikuwa na dirisha jingine, lenye pazia la njano.

Pazia lile nalijua! Nililishona mimi, binti yetu alipokwenda kufanya kazi huko. Nyuma ya pazia hilo analala mjukuu wangu, ambaye ananijua kwa simu tu. Tukiagana hubusu kioo. Ningefungua dirisha, nimwite, aitike! Nikagusa kompyuta ya watu, adabu zote zimenitoka.

"Nilimwambia dalali sitaki nyingine," Fundi akasema.

Jamani! Kumbe mtu unaweza kulala naye miaka yote na usijue amebeba nini moyoni. Nilimtazama kama ndiyo kwanza namwona.

Nikashika kalamu. Hapo ndipo nikakiona kitanda.

"Mbona cha mtu mmoja?"

Fundi akainamia viatu vyake. Afisa ndiye aliyejibu.

"Mama, hati ya nyumba ya kule itakuwa kwa jina lako peke yako. Mzee atabaki chumba cha nyuma, asimamie wapangaji mpaka deni liishe."

"Liishe lini?"

"Miaka kumi, mama."

Miaka kumi! Ana sabini na moja. Ananipa mjukuu, ananipa nyumba, halafu yeye abaki akidai watu kodi mpaka afe? Nililia palepale, mbele ya foleni nzima, wala sikuona haya.

Kisha nikaiweka kalamu chini.

"Mwanangu, hicho chumba cha nyuma nacho kipangishwe. Wapangaji atawasimamia wifi yangu, ukali anao wa kutosha. Na jina la Fundi liandikwe pamoja na langu. Piga hesabu upya."

Afisa akabonyezabonyeza, akatabasamu.

"Zinakubali, mama. Tena deni linaisha mapema."

Fundi akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akamuuliza afisa kama kitanda cha watu wawili kitaenea mle ndani.