Bango la Njia Panda

Katika mji wetu, kaskazini mwa New Hampshire, anayetaka ubunge wa jimbo lazima asimame dampo Jumamosi asubuhi. Hatuna gari la taka. Kila mtu huleta mifuko yake mwenyewe, kwa hiyo ukisimama langoni kuanzia saa mbili hadi saa sita utakuwa umemwona karibu kila mpiga kura, pamoja na anachotupa. Mimi ndiye msimamizi wa dampo. Nimeshawaona wagombea kumi na wanne pale langoni, na sikumsaidia hata mmoja kubeba karatasi, maana mimi ni mfanyakazi wa mji na kanuni inanikataza kumsaidia mgombea.

Delphine Ouellette alikuwa wa kumi na tano. Alitengeneza nywele za watu mjini kwa miaka thelathini. Jumamosi moja ya Oktoba alikuja na chupa ya kahawa na gazeti la wiki, lililokuwa limechapa majibu ya wagombea kwa maswali manane. Kila swali lilikuwa na visanduku vitatu: naunga mkono, napinga, sijaamua. Mpinzani wake, Hollis Varney, alitia alama kwenye "sijaamua" mara saba. Delphine hakukigusa kisanduku hicho.

"Delphine, kima cha chini cha mshahara kikipanda, pale mgahawani nimfukuze nani? Mama yangu?" aliuliza Roland, mwenye mgahawa.

"Mama yako humlipi, Roland. Mji mzima unajua."

Watu walicheka. Mzee mmoja alimshukuru kwa kutaka wastaafu wapunguziwe kodi ya nyumba, kisha akamlaumu kwa kutaka bangi iuzwe dukani. Msichana mmoja alimshika mkono kwa jibu lake juu ya utoaji mimba, kwamba uamuzi ni wa mwanamke na daktari wake. Aliyekuwa nyuma yake alisikia, akapandisha kioo cha gari. Juu ya bunduki hakuna aliyeuliza. Delphine alikuwa ameandika kwamba sheria zilizopo zinatosha, na msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unakaribia.

Ndipo akaja Wendell Tibbetts. Nyumba yake iko kwenye njia panda ambayo kila gari hupita, na bango la kampeni la Delphine lilikuwa kwenye nyasi za mbele ya nyumba hiyo tangu Septemba. Uchaguzi uliopita kiti hiki kilipatikana kwa tofauti ya kura kumi na moja, na wagombea wote wawili walikuwa wameiomba kona ile. Wendell alilitoa bango nyuma ya pikapu, plastiki pamoja na waya wake wa kulisimamisha, akaniuliza mimi, si Delphine:

"Hili linakwenda wapi?"

Nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu. "Plastiki kule mwisho. Waya kwenye chuma chakavu."

Delphine aliweka kahawa chini. "Ni swali la sita, Wendell?"

Swali la sita liliuliza kama nyumba ya wazee ya kaunti iuzwe kwa kampuni binafsi. Wabunge wa kaunti yetu ndio wangelipigia kura jambo hilo. Delphine aliunga mkono. Ardis, mke wa Wendell, yumo humo mwaka wa tatu sasa, na Delphine ndiye anayekwenda kumkata nywele Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi.

"Kichwa cha mke wangu unakishika mikononi, halafu unaandika auzwe?"

"Sijaandika auzwe yeye. Ghorofa nzima imefungwa, wauguzi hawapatikani. Kaunti imeshindwa, ndugu yangu."

"Na hao wenye kampuni wakimhamishia mbali? Kwa macho haya nitaendesha gari mpaka wapi?"

"Nitapigania asihamishwe. Kuahidi siwezi."

"Basi sema hujaamua. Kisanduku si kipo? Mwenzako kakijaza mpaka wino umemwishia! Sema hivyo tu, hapa hapa, na bango nalirudisha mwenyewe, nalipigilia kwa nyundo."

Watu watano walikuwa wameacha kutupa taka. Delphine alilitazama bango.

"Nimeamua, Wendell. Nikisema vingine nitakuwa nakuongopea."

Wendell alilikandamiza bango kwa goti, akachomoa waya. Plastiki aliipeleka kule mwisho, waya akautia kwenye chuma chakavu, kama nilivyomwelekeza. Hakupiga kelele.

Varney alishinda kwa kura tisa. Kona ile ilikuwa na thamani ya kura ngapi, siwezi kusema. Nilijaribu kukadiria, nikaacha.

Jumamosi iliyofuata uchaguzi Delphine alileta mabango yake yote, kama wafanyavyo walioshindwa, akaanza kuchomoa nyaya. Wendell alikuwa akimwaga majivu ya jiko. Alikuja akasimama kando.

"Hizo nyaya unatupa?"

"Unazitakia nini?"

"Nyanya. Mwakani. Zinashikilia vizuri." Alichukua kumi, akaongeza mbili. "Alhamisi hukuja."

"Nilidhani hunitaki pale."

"Nilikuwa sikutaki. Ardis alikutaka. Nywele zimemfika machoni."

"Basi Jumatatu, saa nne."

Wendell alizifunga nyaya kwa kamba, akaondoka. Plastiki ilibaki rundo kubwa miguuni pa Delphine. Nilimsaidia kuibeba hadi kule mwisho, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekwisha na kanuni ilikuwa hainikatazi tena.