Hedfoni Zisizojua Kubembeleza

Naapa kwa meno niliyobakiwa nayo, na yote mawili yapo hapa kushuhudia: maneno haya ni kweli tupu. Sikuongeza hata punje. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome kwanza.

Sakafu ya jiko la Mama Bomba ilikuwa inazama. Ilianza kidogo kidogo, kama mgeni anayeketi bila kukaribishwa, na mwezi wa tatu ulipofika ilikuwa imeinama kiasi kwamba ukiweka kitunguu mlangoni, kinabingirika chenyewe hadi kwenye sufuria, na njiani kimeshajimenya. Ukutani palikuwa na ufa. Mwanzoni ulipitisha uzi, baadaye kijiko, na siku hizi mijusi walikuwa wanapishana humo kwa kupeana njia.

Mama Bomba alijua tatizo ni nini. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilichuma kwa miaka thelathini na mmoja katika idara ya maji, akiwa msikilizaji: mtu wa kutembea barabarani alfajiri, kabla magari hayajaanza vurugu, na ufito wa chuma wenye kikombe cha mbao juu yake. Ncha unaisimika ardhini, kikombe unakibana sikioni, na bomba linakueleza lenyewe linapoumwa. Wenzake walisikiliza mara tatu ndipo wakaamini. Yeye aliwahi kusikia bomba linavuja mtaa wa tatu, akalikemea, likaacha kwa aibu.

Kwa hiyo aliposimika ufito wake wa zamani kwenye sakafu ya jiko lake mwenyewe, hakuhitaji kuuliza mtu. Chini ya ukuta, upande wa barabara, maji yalikuwa yanapenya kwa mluzi mwembamba, shiii, kama mafuta kikaangoni. Bomba lilikuwa la idara. Udongo ulikuwa unaliwa, na jiko linaufuata udongo.

Idara ikamtuma injinia. Alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na mashine mpya: kibao cha kuweka chini, kisanduku chenye vitufe, na tundu la kuchomeka hedfoni. Hedfoni zilizonunuliwa pamoja na mashine zilikufa zamani, kwa hiyo injinia alichomeka zake, zile ndogo za kuingiza masikioni, nyekundu, za kusikilizia muziki mazoezini. Akafumba macho. Kichwa kikaanza kwenda na mdundo.

"Unasikia nini?" Mama Bomba akauliza.

"Malori, Mama. Barabara tu. Hakuna kinachovuja."

"Lete nisikilize."

Akasikiliza. Malori kweli yalikuwapo, tena yamenona. Yalipita kichwani mwake dum, dum, dum, na ule mluzi wa maji ulikuwa umezikwa chini yake kama sindano chini ya godoro.

"Hizi zinadanganya," akasema. "Zimejazwa besi. Zinavimbisha yaliyo chini, zinafunika yaliyo katikati, na maji yanasemea katikati."

Injinia akampa tabasamu lile wanalopewa wagonjwa. "Mama, kwa umri huo, masikio wakati mwingine hupiga filimbi yenyewe. Hata mama yangu."

"Mama yako mpe salamu. Masikio yangu yameacha mshahara, kazi hayajaacha."

"Taratibu ni taratibu. Sauti isikike kwenye mashine, na mimi ninayetia sahihi niisikie mwenyewe. Nitarudi Alhamisi kwa mara ya mwisho. Nisiposikia kitu, jalada linafungwa, na sakafu utajitengenezea."

"Na nikileta hedfoni zangu?"

"Ukitaka, lete hata tarumbeta."

"Nitaleta," akasema Mama Bomba, na akamfungulia mlango kwa upana ambao hata kabati lingepita.

Jumatatu akaenda dukani. Shemeji yake akajitolea kumsindikiza. Shemeji huyu, mdogo wa marehemu mumewe, mstaafu pia, aliishi mlango wa pili. Ni mtu mtanashati, mwenye busara na kifua kipana, ingawa majirani wenye wivu wamembandika jina la Chumvi, eti kila anachosimulia hukikoleza.

Mkononi Mama Bomba alikuwa na pesa alizoweka za kupaka jiko rangi. Aliona ni upuuzi kulipamba jiko ambalo linaondoka. Pesa zenyewe hazikuwa nyingi, wala hazikuwa za kuonea haya.

Duka lilikuwa jembamba kama korido. Mlangoni zilining'inia hedfoni za mifuko ya plastiki, za bei ya mikate miwili. Mwisho kabisa, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, zilikuwapo zile za wakubwa, kila moja imelazwa kwenye sponji kama pete ya uchumba. Katikati palikuwa na rafu ya kawaida, na vumbi la kawaida.

Muuzaji, mtu wa makamo mwenye funguo kiunoni za kutosha kufungua gereza, akasogea. "Karibu, Mama. Zawadi ya mjukuu?"

"Zangu."

"Za kusikilizia taarifa ya habari?"

"Za kusikilizia sakafu."

Muuzaji akamtazama shemeji. Shemeji akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama daktari bingwa.

"Nataka za waya, mashine ya kuzichomeka ina tundu," Mama Bomba akaendelea. "Ziingie masikioni, zizibe kelele za nje. Zisiongeze kitu, zisipunguze kitu. Na bei ni ya rafu ile ya katikati. Usinipandishe, usinishushe."

"Chukua hizi basi! Besi yake itakutetemesha meno."

"Meno yangu nayataka yakae yalipo."

Akatoa simu. Usiku wa kuamkia safari hiyo hakurekodi wimbo wowote. Wimbo ungemsaidia nini, na hakuwapo chumbani mwimbaji alipouimba? Alirekodi vitu viwili anavyovijua kuliko kiganja chake: bomba la jikoni likidondosha matone kwenye beseni, na shemeji yake akikana kwamba ndiye aliyemaliza karanga.

Akajaribu zile za besi. Bomba likawa maporomoko ya maji. Shemeji akatoka na sauti nzito, ya polepole, yenye heshima zake.

"Ukimsikia humu utampa funguo za benki," akasema Mama Bomba.

"Si ndiyo uzuri wenyewe!" muuzaji akadakia.

"Huyu simjui. Lete nyingine."

Za pili zilikuwa kali, kila herufi ya *s* inatoka kama nyoka amekanyagwa mkia. Matone yalipasuka kama mafuta ya moto, na shemeji akawa mbu. Mama Bomba akazing'oa masikioni. "Hizi zitaniambia kila bomba la mji huu linavuja. Injinia atanicheka hadi akae chini."

Muuzaji akaona hapa pana mteja wa kufungulia kioo. Akachagua ufunguo, akatoa hedfoni za bei ya kitanda na godoro lake, akazichomeka mwenyewe kwenye simu. Mama Bomba akasikiliza, na uso ukamlainika. Sauti ilikuwa pana, safi, inayong'aa. Shemeji akaanza kuhesabu kimoyomoyo ni nani angeweza kuwakopesha.

Kisha jicho la Mama Bomba likashuka. "Kidole hicho kinafanya nini?"

"Kipi, Mama?"

"Hicho kilichopandisha sauti. Unadhani sijui? Kitu kikilia kwa nguvu zaidi, sikio hudhani ni kizuri zaidi. Irudishe pale ilipokuwa kwa zile nyingine."

Muuzaji akairudisha, masikio yake yakiwa mekundu kidogo. Mama Bomba akasikiliza upya. "Mm. Zinabembeleza. Bomba langu linasikika kama limetoka kuoga."

"Lakini hizi ndizo wanazovaa wenye studio!"

"Wenye studio hawana ufa jikoni. Pale chini ya rafu, lile boksi la kijivu lisilo na picha, ni nini?"

"Ah, hizo." Muuzaji akashusha sauti kama anayetaja ndugu aliyefungwa. "Hizo watu hurudisha. Hazina msisimko."

"Lete."

Mwanzoni hata yeye alikata tamaa. Sauti ilikuwa nyembamba kama chai ya chungu kilichosuuzwa. Muuzaji akafungua mikono: si nilikuambia? Mama Bomba alizitoa, akazigeuza kwenye mwanga, akaona vijimpira vya mbele ni vidogo, vinaelea sikioni bila kuziba. Akafungua kifuko kilichokuwa boksini, akabandika vya ukubwa wa kati, akasukuma hadi kelele za duka zikafa zote, pamoja na funguo za muuzaji.

Tone likaanguka. Alilisikia likigonga maji, na akajua beseni ni lile la plastiki, na kwamba limejaa nusu. Hakuna kilichovimba, hakuna kilichochongwa. Kisha shemeji akaja: *Naapa, shemeji, karanga sijazigusa.*

Mama Bomba akacheka hadi akashika kaunta. "Hizi hapa! Anaapa na huku anatafuna!"

"Zinasema kitu kama kilivyo tu," muuzaji akalalamika. "Raha yake iko wapi?"

"Fungasha. Na boksi usilitupe. Halina picha, nitalibandika uso wa injinia akishasikia."

Alhamisi saa tatu asubuhi injinia akafika, hedfoni nyekundu zikining'inia shingoni. Mkononi alikuwa tayari na fomu, na kwenye fomu alikuwa tayari ameandika *hakuna uvujaji*. Ilibaki sahihi.

"Umeandika kabla ya kusikiliza," Mama Bomba akasema.

"Naokoa muda, Mama."

"Okoa jiko. Vaa hizi."

"Nina zangu."

"Ulisema nilete hata tarumbeta. Tarumbeta ndiyo hii. Ukikataa kuivaa, nitakwenda kukaa kwenye benchi la mkurugenzi wako, nami ni mstaafu, sina pa kuwahi."

Injinia akazivaa kwa kuzishindilia. Mama Bomba akamzuia. "Hivyo vijimpira ni vya masikio yangu. Badilisha, weka vidogo. Majivuno ni makubwa, tundu ni dogo."

"Mama, unanitukana?"

"Nakupimia."

Akabadilisha. Akawasha mashine, akaweka kibao chini. Malori yakapita, lakini sasa yalikuwa malori ya kawaida, yanakuja, yanakwenda, yanaacha nafasi. Na kwenye nafasi ile, uso wa injinia ukasimama.

"Unasikia nini?"

"Kama... mtu anakaanga kitu."

"Sogea hatua mbili kuelekea ukutani."

Akasogea. "Anakaanga zaidi."

"Basi huyo ni nani?"

"Inaweza kuwa friji," injinia akasema haraka.

Mama Bomba akaenda kwenye friji, akachomoa waya. Injinia akasikiliza. Kikaango kiliendelea.

"Basi ni bomba la ndani. La kwako, Mama. Hilo si letu."

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Bomba alikuwa amesikia sentensi hiyo ikiambiwa watu wengine. Akatoka nje bila kuinua sauti, akafunga koki kuu inayoingiza maji ndani ya nyumba, akaizungusha hadi ikagoma. Akarudi, akafungua bomba la jikoni: kavu. Akakunja mikono kifuani.

"Nyumba yangu haina tone. Sikiliza."

Injinia akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu, bila kuzitoa hedfoni, akachukua kalamu, akakata maneno aliyokuwa ameandika, akaandika mengine juu yake, na mkono wake ukatia sahihi.

Mafundi wakafika siku hiyo hiyo. Walipochimba chini ya ukuta, maji yaliruka hadi kwenye paa la nyumba ya pili, na kama si shemeji, mtaa mzima ungekuwa bwawa. Yeye ndiye aliyevua shati, akaruka shimoni, akaziba tundu la bomba kwa kidole gumba kimoja kwa saa tatu na nusu, huku mafundi wakimlilia na...

"Huku mafundi wakifanya nini?"

Wasomaji, mniwie radhi. Aliyeuliza ni Mama Bomba mwenyewe. Amesimama nyuma ya kiti changu na miwani puani, na sijui amesimama tangu ukurasa gani.

"Kumbe shemeji mtanashati ni wewe, Chumvi."

"Ni... tumefanana tu, shemeji."

"Na kifua kipana?"

"Siku ile kilikuwa kipana."

"Siku ile ulikuwa juu ya meza yangu, viatu mkononi, unapiga kelele kwamba unazama. Maji hayakufika hata kifundoni."

"Lakini shemeji, hadithi inataka shujaa."

"Inaye. Nimo humo tangu mwanzo." Akaegemeza koleo kwenye meza, juu ya karatasi zangu. "Mafundi wameziba bomba, wameondoka, mtaro wameuacha wazi na udongo umelala barabarani. Mtu aliyekaa shimoni saa tatu na nusu hatashindwa kuufukia."

"Mgongo wangu, shemeji..."

"Nimesoma habari za kifua. Mgongo wake ni wa simba."

Basi nimetoka. Hadi sasa nimefukia hatua mbili, na zimebaki saba. Ningesema kumi na saba, lakini amekaa dirishani, ananitazama.