Mlio wa Ndani ya Skana

Kwa miaka kumi na miwili Beatus ndiye aliyekuwa masikio ya mradi wa tembo pale Ifakara. Wakulima wa Katindiuka hawakusema wanasubiri gari la mradi. Walisema wanamsubiri Beatus. Alikuwa akisimama kwenye tuta na redio yake kuukuu, anazungusha antena, anasikiliza mlio wa kola walizovalishwa tembo, kisha anawaambia wakalale au wakapige madebe.

Akaja Omega, binti wa miaka ishirini na sita, na skana, redio mpya ya kushika kiganjani inayonasa milio ya kola. Wiki ya pili tu akasema amemsikia Kibutu, dume lisilo na mkia, ambalo kola yake ilikuwa kimya miezi mitatu. Bi Scolastica, mkuu wao, alimshika mkono mbele ya watu wote.

"Huyu ana sikio," alisema.

Beatus alicheka na wenzake, lakini moyoni palimwasha kama pilipili kwenye kidonda.

Jumanne mchana Omega alipokwenda kula Kibaoni, Beatus aliichukua ile skana mezani. Alitaka kujua ina nini ambacho redio yake haina. Akaiweka kwenye masafa ya kola ya Kibutu. Tik, tik, tik. Akageukia mlangoni, akageukia ukutani. Mlio haukupanda wala haukushuka. Akaifungua antena, akaiweka pembeni. Skana bila antena ilipaswa kuwa kama mtu aliyezibwa masikio. Tik, tik, tik, vilevile. Akazima taa ya kioo cha skana. Kimya. Akaiwasha. Tik, tik.

Kumbe mashine ilikuwa inajisikiliza yenyewe. Umeme wa taa yake ulikuwa unaingilia masafa yale, na Omega hakuwa amemsikia tembo yeyote.

Akairudisha antena, akaikaza.

"Shikamoo, kaka Beatus," Omega alisema aliporudi. "Kesho tunakwenda Kisawasawa. Juzi nilimsikia Kibutu kule vizuri sana. Wewe unaonaje?"

Neno lilimfika Beatus kwenye ulimi. Akalimeza.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sikio."

Jumatano timu nzima ilipanda gari. Yeye alisingizia mgongo, akabaki ofisini akiionja mapema aibu ya yule binti. Saa nne simu ikalia. Alikuwa Tekla, mjane wa Katindiuka.

"Kibutu yuko kwenye mpunga wangu tangu alfajiri," alisema. "Naambiwa mmemfuata Kisawasawa. Sasa huyu hapa ni nani?"

Beatus alichukua bodaboda. Alipofika, tembo alikuwa ameshaondoka na zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Tekla hakulia. Alikuwa ameinama, anaokota masuke yaliyokanyagwa na kuyatia kwenye kanga.

Gari liliporudi, alimwita Omega kando.

"Skana yako inatoa mlio wake yenyewe. Fungua antena, utasikia."

Omega alifungua, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo. "Jana," alisema. "Kabla hujaniuliza."

Omega aliingia ofisini kwa Bi Scolastica, na Beatus, aliyesimama nje, akamsikia akilibeba kosa lote peke yake, bila kulitaja jina la Beatus. Bi Scolastica akamsifu kwa kusema ukweli. Hapo ndipo Beatus alipojionea haya: hata sifa ile alimwonea wivu. Akasukuma mlango, akaeleza yake yote.

Hakufukuzwa. Aliagizwa akavune na Tekla kile kilichobaki, kisha akae na Omega waipime skana masafa yote bila antena. Walikuta kumi na moja yenye mlio wa ndani. Beatus alitaja namba, Omega akaandika. Walipomaliza, kila mmoja alirudi mezani kwake.

Jumatatu iliyofuata mkulima alipiga simu, akaomba azungumze na Omega. Beatus alimpa simu. Bado ilimuuma, lakini alisogeza kiti apate kusikia tembo wako upande gani.