Hina ya Mwanamke wa Meza ya Nne

Asubuhi ya sherehe Inshirah aliingia ukumbi wa nyuma wa kitivo cha tiba na chupa ya marashi ya waridi mkononi, akayakuta majeneza saba yamepangwa, kila moja na sanda yake nyeupe iliyofungwa vizuri. Alifurahi. Alifurahi kijinga, lakini mtu aliyengoja jambo miaka miwili ana haki ya ujinga wa dakika chache.

Miaka yote hiyo alikuwa akisomea maadili ya tiba, somo ambalo kwao, katika vichochoro vya Alexandria nyuma ya soko la samaki, hakuna aliyeelewa ni la nini. Shangazi yake alimuuliza kila Ijumaa juu ya sahani ya mboga ya molokhia: "Sasa wewe unatibu?"

"Sitibu, shangazi. Nauliza kama kinachofanywa kinafaa kufanywa."

"Na kuuliza nako ni kazi?"

Ni kazi, ila ni adimu. Kitivo kilikuwa na nafasi moja tu ya katibu wa kamati ya maadili, na mwenye kuitoa alikuwa Dk. Shawkat, mkuu wa somo lenyewe. Wanafunzi walioitolea macho walikuwa wawili, Inshirah na mwenzake Bahgat, kijana mcheshi ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

Inshirah alikuwa ameandika tasnifu juu ya maiti wasio na wenyewe, wale wanaotoka hospitalini bila jamaa na kuishia kwenye meza za wanafunzi wa udaktari, wakakatwakatwa mwaka mzima. Alitaka mwaka ukiisha waswaliwe na kuzikwa kama watu. Dk. Shawkat aliliita wazo lile "wazo lako," kisha "wazo letu," na kufikia siku ya sherehe lilikuwa "wazo langu." Aliwaalika wakubwa wa wizara, wageni kutoka Ulaya na watu wa televisheni. Inshirah alimwachia. Alimradi wazikwe, alijiambia.

Na hasa azikwe mmoja, mwanamke wa meza ya nne. Jina lake halikujulikana. Fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ilikuwa imemgeuza ngozi ya kiatu, lakini kucha zake zilikuwa na hina. Siku chache kabla hajafa, mtu alimpaka, au alijipaka mwenyewe, kwa sherehe gani hakuna ajuaye. Inshirah alipoziona kucha zile mara ya kwanza alitoka akatapika kwenye bustani, akanawa, akarudi, akamwambia mwanamke yule kwa sauti ya chini kwamba atazikwa.

Sasa alinyunyiza marashi, akafika jeneza la nne, akataka kuinyoosha sanda kichwani. Kichwa kikabonyea mpaka chini, kisha kikafura tena. Akabonyeza mara ya pili. Kikafura tena.

Ami Dahshan, mhudumu wa chumba cha maiti, alikuwa akiingia na bilauri yake ya chai.

"Ami, hiki ni nini?"

"Sponji," alijibu bila kusita. "Ya viti vya ukumbi wa zamani. Umeona mabega nilivyoyatengeneza? Yule wa mwisho nimempa mpaka kitambi."

"Wenyewe wako wapi?"

"Si wako chini, kwenye tangi la dawa. Mwakani wanafunzi ni wengi na maiti ni haba, ndivyo alivyosema Daktari. Halafu ile harufu, binti yangu. Wageni watakula hapa." Akapuliza chai yake, akanywa.

Inshirah aliweka chupa ya marashi chini. Alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Dk. Shawkat, akamkuta mbele ya kioo akifunga tai, ananukia kama duka la manukato.

"Daktari, tutaswalia sponji."

"Tutaswalia nia," alisema bila kugeuka. "Maiti hadhuriki, Inshirah. Hilo umelisoma kwangu. Wanaofaidika ni walio hai. Wanafunzi, wagonjwa, kitivo chetu." Ndipo alipogeuka, akamsogezea sahani ya biskuti za ghorayeba zilizopakwa sukari. "Na wewe pia. Jumapili, wiki ikianza, unaanza kazi. Nilitaka nikwambie baada ya hotuba yako. Chukua, mwanangu."

Lililomtia kinyaa si uongo wa maneno yale. Ni kwamba aliyatambua. Hoja ile ile, mpango ule ule, ndivyo alivyojibu mtihani wa mwaka wa kwanza akasifiwa mbele ya darasa. Na alipofika kwenye ngazi aligundua kwamba alikuwa anatafuna. Alikuwa ameichukua ile ghorayeba na kuimeza nusu, na sukari ilikuwa imemganda kwenye ufizi.

Bahgat alimpitia hapo, suti mpya imembana. "Umeshajua, eh? Uso umekupauka."

"Kumbe wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyekata sponji. Usinikodolee macho, dada. Mchumba wangu anangoja nyumba, na wewe una shangazi wa kumnyamazisha. Soma hotuba yako, tule, twende."

Inshirah akaisoma. Aliwaita waliolala mbele yao walimu walio kimya, na mama mmoja wa wizara akatoa leso akalia kwa dhati, machozi ya kweli kabisa, kwa ajili ya matakia ya viti. Kamera zikamsogelea. Dk. Shawkat akainamisha kichwa upande uliokuwa na mwanga mzuri.

Kisha akaitwa Sheikh Mutawalli, imamu wa msikiti wa jirani, mzee aliyekuja kwa miguu na viatu vyenye vumbi. Alisimama mbele ya majeneza, akageuka, akauliza kama anavyouliza imamu yeyote kabla ya takbira ya kwanza:

"Wanaume wangapi na wanawake wangapi?"

Waandaaji walikuwa wamefikiria maua, vipaza sauti, mpaka maji ya barafu. Hilo hakuna aliyelifikiria.

"Wanaume wanne, Maulana, na wanawake watatu," alisema Dk. Shawkat haraka.

"Wanawake ni wepi? Wanaume wanatakiwa wawe upande wangu."

Dk. Shawkat akaelekeza kidevu mahali popote. "Hawa watatu wa mwisho."

"Mpaka huyu mnene?"

"Huyo pia."

Ami Dahshan akakohoa. Sheikh akaamuru majeneza yabadilishwe nafasi, na Bahgat, mwenye haraka ya kumpendeza Daktari, akalinyanyua jeneza la yule mnene kwa mkono mmoja. Sheikh akautazama mkono ule. Alikuwa amebeba majeneza ujana wake wote, na ya watoto pia. Akamgeukia Inshirah, aliyekuwa karibu zaidi, bado na karatasi ya hotuba.

"Binti yangu, huyu ni mwanamume au mwanamke?"

Sukari ilikuwa bado mdomoni. Angesema "mwanamke" tu, neno moja, na Jumapili angeanza kazi.

"Si mwanamume wala si mwanamke, Maulana. Ni sponji ya viti. Wenyewe wamefungiwa chini, kwenye tangi."

Sheikh alipiga goti akafungua fundo. Sponji ya manjano ikachomoza, na juu yake, mahali pa paji la uso, chingamu kavu iliyotafunwa na kubandikwa na mwanafunzi fulani zamani za kale. Mzungu mmoja akaipiga picha.

Dk. Shawkat hakukosa maneno. Alichukua kipaza sauti akatabasamu. "Wageni wetu, hili ndilo somo lenyewe. Tumewaonyesha kwa mfano hai jinsi ilivyo rahisi kulia bila kuuliza. Mwanafunzi wetu ameuliza. Huo ndio uwazi tunaoufundisha hapa." Wageni wakatazamana. Harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa imeshaingia kutoka uani. Mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wote, na mama wa wizara akapiga kwa nguvu kuliko wengine, leso ikiwa bado mkononi.

Dk. Shawkat alimpita Inshirah akielekea kwenye chakula, akasema bila kuacha kutabasamu, "Jumapili usije." Nyuma yake Bahgat alitembea akitazama viatu vyake vipya.

"Nipeleke chini," Sheikh alimwambia Inshirah.

Ami Dahshan alitoa ufunguo bila kuwatazama usoni. Kifuniko cha tangi kilipoinuliwa, harufu iliwapiga wote, na Sheikh akajiziba pua kwa ncha ya kilemba lakini hakurudi nyuma. Inshirah alikunja mikono ya gauni, akaingiza mkono ndani ya dawa, akatafuta. Alishika mkono mmoja, akauacha. Alishika mwingine, akauleta juu taratibu. Hina ilikuwa bado kuchani.

"Lete jeneza moja," Sheikh alimwambia Ami Dahshan. "Si sasa ni matupu?"

Inshirah alimwosha na kumvika sanda, wakamlaza jenezani. Kisha Sheikh akajipanga, akamuuliza tena, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuulizwa.

"Mwanamume au mwanamke?"

Juu yao vijiko vilikuwa vikigonga sahani.

"Mwanamke," alisema Inshirah.