Mkono Uliosalimia Vizuri

Tangu ateleze kwenye ubao wa mtumbwi na bega lake kugonga ukingo, Nyirabahire hakuweza tena kujitwika beseni la sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mkono wa kulia ulikuwa umepona kwa macho tu. Ukifika kifuani unagoma, na asipouinua kwa ule wa kushoto, haupandi. Mama huyo aliyelea watoto wake kwa kuvusha samaki hadi Goma sasa alishinda mlangoni akichambua maharage ya watu.

Lakini ushirika wao wa wauza samaki ulikuwa umewakatia bima ya ajali, naye alitegemea hiyo. Jibu lilipokuja, aliduwaa: daktari wa bima ameuhesabu ulemavu wake asilimia tano.

"Tano?" alimaka Xavérine, jirani na mwenzake wa biashara, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Hiyo ni ya mutu alijikata na kisu ya vitunguu! Huyo daktari alikupima, ao alikuchungulia kwa dirisha?"

"Alinipima. Ni mutu muzuri, Mungu amubariki."

"Acha kumubariki kwanza. Nionyeshe vile uliingia. Mi ndio daktari." Xavérine akaketi, akatoa tumbo mbele, akakunja uso.

Nyirabahire akacheka, akatoka, akabisha hodi. Akaingia ameinama kidogo, amenyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto umeushika kwa chini karibu na kiwiko, kama anavyomsalimia mkubwa mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Maumivu iko namna gani, mama?"

"Ni muzuri, tunashukuru Mungu."

Xavérine aliruka kitini. "Yesu we! Unainua mukono mugonjwa na ule muzima, yeye anafikiri ni heshima! Anakuuliza maumivu, unamuambia ni muzuri! Sasa angeandika nini?"

Nyirabahire akaitazama mikono yake. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kusalimia.

"Donc, basi nimusalimie kama mulevi?"

"Musalimie vile unataka, lakini usimudanganye."

Neno hilo lilimchoma. Yeye alidhani anamshukuru Mungu, kumbe alikuwa anasema uongo kwa jina lake.

Ushirika uliomba apimwe upya. Njia nzima Nyirabahire alikuwa akisali, si kuhusu malipo, ila apewe nguvu ya kukosa adabu.

Daktari Rutayisire, mtu mzima aliyerudi kutoka Tanzania, alisimama akanyoosha mkono. "Karibu tena, mama. Pole na safari."

Mkono wa kushoto ulitaka kukimbilia wa kulia. Nyirabahire akaukaza kwenye kitenge. Ule wa kulia ukapanda peke yake, ukatetemeka, ukaanguka. Mkono wa daktari ukabaki hewani.

"Unisamehe, daktari," alisema, machozi yakimlenga. "Sikuzarau. Siku ile nilikusalimia na mikono mbili. Huu pekee yake haufike."

"Na maumivu? Uliniambia ni mazuri."

"Mungu ndio iko muzuri. Bega haiko."

Rutayisire aliurudisha mkono wake polepole, akaizunguka meza. Akamwomba avue sweta, akauinua mkono ule hadi ulipogoma, akaona jinsi alivyouma midomo.

"Beseni unajitwikaje?"

"Sijitwike tena, daktari."

"Siku ile nilitazama adabu yako, sikutazama bega," alisema. "Kosa ni langu. Lakini nitaandika ninachokiona, mama, siwezi kuzidisha."

"Andika hicho tu."

Jibu la pili lilisema asilimia thelathini. Xavérine hakuridhika. "Turudie! Safari hii ingia unalia, uanguke pale kwa mulango!"

"Nianguke na nini, na magulu yangu iko mizima?" Nyirabahire alicheka. "Hapana, dada. Sasa walipima mukono yangu mwenyewe. Vaa viatu, unisindikize sokoni. Nataka kuuliza bei ya meza, nikuwe nauza nimekaa."

Xavérine akanung'unika, lakini viatu akavaa.